Dola Moja Isihesabiwe Mara Mbili

Tangu msimu wa kodi uanze mwaka huu, halipiti juma katika baraza zetu za hapa Columbus, mji mkuu wa jimbo la Ohio, bila ya mtu kutoa bahasha mfukoni na kuuliza swali lile lile. Wafanyakazi wa maghala na wa nyumba za kutunzia wazee, wengi wao ndugu zetu waliotoka Mombasa, Barawa, Kivu na Tanga, wamekuwa wakipata fedha kutokana na mashauri waliyoyafungua kudai ujira wao, na kila apataye huambiwa maneno mawili yanayopingana. Wako wasemao kwamba fedha iliyopatikana kwa kesi ni fidia ya dhulma, nayo haina kodi kabisa. Na wako wasemao kwamba serikali huitoza mara mbili, basi heri mtu akubali kidogo kimya kimya kuliko kipato kikubwa chenye karatasi. Kauli zote mbili nimezisikia zikitolewa kwa yakini na watu wenye heshima zao, na zote mbili nimeona zikiwatia watu hasarani. Kwa sababu hiyo nimeona ni wajibu wangu kuyaeleza yaliyonipitia mimi mwenyewe, na yale niliyoyashuhudia baadaye mezani pamoja na wengine.

Mimi nilifika Ohio nikiwa mtu mzima, nimekwisha kufanya kazi ya ukarani wa hesabu katika duka la jumla mjini Tanga, ambako tajiri wangu, mtu mkali lakini mwenye insafu, alinifunza kwamba kila kiingiacho dukani lazima kiandikwe, hata kama kitatoka kesho yake, na kitokapo kiandikwe vilevile pale kilipotokea. Huku ukarani wangu haukunifaa kupata kazi, nikaajiriwa kuwa mtunza wazee zamu ya jioni. Mwajiri wetu alikuwa na desturi ya kukata nusu saa ya chakula katika saa za kila mmoja wetu, na mashine ndiyo iliyokata bila kuuliza kama mtu amekula au hakula. Namkumbuka bibi mmoja ambaye hakuweza kumeza ila uji mzito, naye sharti alishwe kijiko baada ya kijiko huku kichwa chake kimeinuliwa kwa mito miwili, kwani akiharakishwa hupaliwa. Na mara nyingi, wakati ninamfuta kidevu na kungoja ameze, ndio wakati huo huo mashine ikanihesabu kuwa niko mapumzikoni. Nusu saa moja si kitu, lakini nusu saa ya kila zamu, kwa watu waliokwisha kutimiza saa arobaini za juma, ni mali ya mtu.

Sheria ya kazi ya Marekani ya mwaka 1938 inasema kwamba saa inayozidi arobaini katika juma hulipwa mara moja na nusu ya ujira wa kawaida, na kwamba mwajiri aliyeuzuia ujira huo aweza kuamriwa kulipa, juu ya ule uliozuiliwa, kiasi kingine kilicho sawa nao kuwa fidia. Wakili tuliyempata hakutaka malipo ya mwanzo; tulipatana naye achukue theluthi ya kitakachopatikana. Shauri halikufika hukumuni. Pande mbili zilisuluhishana, na fungu langu likawa dola 18,000: 6,000 ni ujira wa saa za ziada, 6,000 ni fidia iliyo sawa na ujira huo, na 6,000 ni haki ya wakili. Mgawanyo huo uliandikwa wazi katika hati ya suluhu, nami naushukuru mpaka leo uangalifu wa yule aliyeuandika.

Mwezi wa Januari uliofuata zikanijia karatasi mbili. Ya kwanza ilikuwa fomu ya W-2, ambayo mwajiri humpa mfanyakazi kuonyesha mshahara na makato. Hiyo ilionyesha dola 6,000 za ujira, na ndani yake makato ya asilimia 6.2 ya hifadhi ya jamii na asilimia 1.45 ya matibabu ya uzeeni, kama ipasavyo, kwa kuwa ujira uliocheleweshwa ni ujira, nao hukatwa kwa kanuni za mwaka unaolipwa; jambo ambalo Mahakama Kuu ya Marekani ililiamua mwaka 2001 katika shauri la klabu ya besiboli ya Cleveland, katika jimbo letu hili hili. Ya pili ilikuwa fomu ya 1099-MISC, ambayo huonyesha mapato mengine yasiyo mshahara, nayo iliandikwa dola 18,000. Ilipasa iandikwe 12,000. Aliyeiandaa alichukua jumla yote ya suluhu asiondoe ujira uliokwisha kuonyeshwa katika W-2. Basi ukizijumlisha karatasi mbili, nilikuwa nimepata dola 24,000 kutokana na suluhu ya dola 18,000, na mkononi mwangu hazikufika hata 12,000.

Wenzangu waliofungua shauri pamoja nami walipata karatasi za namna hiyo hiyo. Mmoja, kwa hasira za haki, aliichana ya pili, akasema kuwa uongo haujibiwi. Mwingine, kwa hofu ya mgeni katika nchi ya watu, aliingiza zote mbili kama zilivyo akalipa. Sikuwalaumu hata mmoja. Lakini nilikuwa na shaka na njia zote mbili, nikaenda maktaba ya mtaa wetu, ambako kila mwaka watu wa kujitolea huwajazia fomu bila malipo wenye kipato kidogo, nikaketi mbele ya mama mmoja Mmarekani, mhasibu mstaafu, ambaye aliweka kalamu chini na kuisoma hati yangu ya suluhu ukurasa baada ya ukurasa kabla ya kuniambia neno.

Alipomaliza aliniuliza kila fungu la fedha hizi limekaa mahali pa kitu gani. Baadaye nilikuja kujua kwamba swali hilo halikuwa lake peke yake: mwaka 1944 mahakama ya rufani iliyoko Boston, ikiamua shauri la kampuni ya Raytheon, iliweka kanuni kwamba fidia hutazamwa kwa kile inachokijazia pengo, na tangu hapo mahakama na Idara ya Mapato ya Marekani zimekuwa zikiifuata. Fedha iliyochukua nafasi ya mshahara hutozwa kama mshahara. Iliyochukua nafasi ya faida ya biashara hutozwa kama faida. Na iliyochukua nafasi ya mguu uliovunjika haitozwi. Jina la kesi, ukubwa wa hundi na uchungu wa mdai havina neno katika jambo hili.

Kisha alinifundisha lile ambalo karani wa Tanga ndani yangu alilitambua mara moja. Karatasi ya pili usiichane wala usijifanye hukuiona, kwa sababu nakala yake iko kwa Idara, na mitambo ya Idara hulinganisha kila nakala na fomu ya mlipaji. Isipoiona, hutoa barua iitwayo CP2000, inayodai kodi, riba na pengine adhabu, na inayompa mtu siku thelathini za kujibu. Kwanza mwandikie mwajiri umwombe atoe fomu iliyosahihishwa. Asipotoa, ionyeshe kwa ukamilifu wake katika sehemu ya mapato mengine, ambayo katika fomu za miaka hii ni mstari wa 8z wa Jedwali la 1. Halafu papo hapo toa kile kilichokwisha kuonyeshwa kwenye W-2, ukiandika kwa maneno machache sababu ya kukitoa.

Nilimwandikia mwajiri, na jawabu halikuja. Basi tukaandika 18,000, tukatoa 6,000 zilizokwisha kuonyeshwa kuwa ujira, zikabaki 12,000. Na katika hizo 12,000, zilikuwamo 6,000 alizochukua wakili, ambazo nazo zilikuwa na mstari wake wa kutolewa. Mwisho wa hesabu nilitozwa kodi juu ya ujira wangu na juu ya fidia yangu, kila kimoja mara moja. Mwaka uliofuata Idara iliniletea barua ya kuuliza. Nikaijibu kwa nakala za kurasa za suluhu zenye mgawanyo, na W-2, na barua niliyompelekea mwajiri, na baada ya muda ikaja barua ya pili kusema kwamba sidaiwi chochote. Yule mwenzangu aliyeichana karatasi naye alipelekewa barua, lakini alikuwa amehama, haikumfikia kwa wakati, na deni likakua kwa riba hata likamsumbua katika mambo mengine yasiyohusiana na kodi. Kosa la fomu halikuwa lake, na kwa hakika fedha ile yote hakuipata. Lakini mitambo ya Idara hulinganisha kilichoandikwa na kisichoandikwa tu, na mwenye haki asiyeiandika haki yake huonekana kama mkwepaji.

Hili la wakili linastahili maelezo yake, maana ndilo liwashangazalo watu kuliko yote. Vipi niambiwe nimepata fedha ambazo hundi yake sikuiona, na wakili naye alipie kodi fedha zizo hizo? Mwaka 2005 Mahakama Kuu ya Marekani, kwa kalamu ya Jaji Anthony Kennedy, iliamua katika shauri la Commissioner v. Banks kwamba fungu la wakili anayelipwa kwa sehemu ya kitakachopatikana ni pato la mdai kwanza, kwa kuwa dai ni mali ya mdai, na wakili anamfanyia kazi. Banks alikuwa amesuluhishana na mwajiri wake, idara ya elimu ya California, kwa dola 464,000, na 150,000 katika hizo zikaenda kwa wakili. Akahesabiwa kuzipata zote. Kabla ya hapo, mwaka 2002, kilijulikana nchi nzima kisa cha mwanamke afisa wa polisi wa Illinois aliyeshinda shauri la ubaguzi, na kwa kuwa gharama kubwa za mawakili zilihesabiwa kuwa pato lake, na kanuni za kodi za wakati ule zilimnyima punguzo lake, kodi aliyodaiwa ilizidi fidia yenyewe: alishinda mahakamani, akatoka na deni.

Ubaya huo uliligusa Bunge la Marekani. Sheria iliyotiwa saini tarehe 22 Oktoba 2004 iliruhusu ada za wakili katika mashauri ya ubaguzi, na katika mashauri mengi ya kazi yakiwemo ya ujira, kutolewa moja kwa moja katika pato kabla ya hesabu nyingine, mradi zisizidi kile kilichopatikana katika shauri hilo mwaka huo. Siku hizi hukaa mstari wa 24h wa Jedwali la 1. Banks mwenyewe haikumfaa, kwa kuwa suluhu yake ilitangulia sheria hiyo. Imetufaa sisi tuliokuja nyuma, nami sijaona mwaka hata mmoja nisipokutana na mtu aliyeikosa faida yake kwa kutoijua tu.

Nasema sijaona mwaka kwa sababu, tangu nilipoinuka pale maktabani, yule mama alinishawishi nijifunze, nikafanya mtihani wa watu wa kujitolea, nikawa nakaa naye meza moja. Mengi yalipita mbele yetu. Alikuja mzee wetu mmoja kutoka Lamu, aliyegongwa na gari akivuka barabara na kuvunjika nyonga, akiwa na hati ya fidia aliyoiviringisha katika mfuko wa plastiki pamoja na picha za eksirei, naye akitetemeka kwamba atanyang'anywa nusu. Nilimwambia, "Mzee wangu, hii ni ya mwili wako. Haina kodi." Sheria inaondoa katika kodi fidia itolewayo kwa sababu ya majeraha ya mwili au ugonjwa wa mwili, hata kama ndani yake imo badala ya mishahara aliyoikosa akiwa kitandani. Kulikuwa na sehemu ndogo tu iliyotozwa, nayo ni riba iliyoongezwa kwa kuwa malipo yalicheleweshwa, kwani riba ni pato popote iwapo. Na lau mahakama ingaliongeza fidia ya kumwadhibu dereva, hiyo nayo ingalitozwa. Aliniombea dua ndefu. Nami nikajifunza kwamba hofu ya kutozwa isipopewa elimu humfanya mtu alipe hata asichodaiwa, kwani alikuwa amekusudia kuyaandika yote kuwa mapato ili alale usingizi.

Baada yake alikuja dada mmoja aliyekuwa amebaguliwa kazini kwa sababu ya mtandio wake, akafukuzwa, akashtaki, akasuluhishana. Alikuwa amepoteza usingizi na kukonda, na wakili wake aliandika katika hati kuwa fedha ni kwa ajili ya maumivu ya moyo. Huyu nilimhurumia zaidi. Mwaka 1996 Bunge lilizibana fidia zisizotozwa zikabaki zile za majeraha na magonjwa ya mwili tu, na huzuni na fadhaa zikawekwa nje, isipokuwa kwa kiasi cha gharama za matibabu ambazo mtu alizilipa kwa ajili ya fadhaa hiyo. Mwaka 2006 majaji watatu wa mahakama ya rufani ya Washington walitamka, katika shauri la Murphy, kwamba fidia ya maumivu ya nafsi si pato hata kidogo. Watu wengi walifurahi, lakini mahakama ile ile ilisikiliza upya na mwaka 2007 ikarejea nyuma, na sheria ikabaki ilivyokuwa. Dada yule alinisikiliza, akaniuliza, "Kaka, kwa hivyo mfupa ukivunjika wanaamini, moyo ukivunjika hawaamini?" Sikuwa na jawabu la kumpa ambalo lingemtosheleza, na mpaka leo naona sheria hiyo haikumtendea uadilifu. Tulizitafuta stakabadhi za daktari wake wa ushauri na za dawa za usingizi, moja moja, tukazitoa katika hesabu. Tukatoa na ada ya wakili. Na kilichobaki akakilipia.

Wapo pia wanaodhulumiwa na namba ya fomu tu. Bibi mmoja wa Bukavu, aliyekuwa akifungasha bidhaa ghalani, aliletewa fidia yake ya kazi juu ya fomu ya 1099-NEC, iliyo ya watu wanaojifanyia kazi wenyewe, badala ya 1099-MISC. Na programu ya kompyuta, kwa kutii fomu, ikamtoza asilimia 15.3 ya kodi ya waliojiajiri juu ya kodi ya kawaida, ilhali yeye hajawahi kujiajiri siku moja na ujira wake ulikwisha kukatwa. Ilitubidi tuandike barua kwa mwajiri, na kwa bahati njema mhasibu wa huko alikuwa msikivu, akatoa fomu mpya yenye alama ya kusahihishwa.

Kutokana na hayo nimekuwa nikiwahimiza watu wetu waje kabla ya kutia saini, wala wasingoje fomu zije. Hati ya suluhu ikiwa ingali meza ya wakili, ni wepesi kuomba iseme kiasi gani ni ujira, kiasi gani ni fidia, kiasi gani ni cha wakili, na kila kiasi kitatolewa kwa fomu gani na kwa jina la nani. Idara haifungwi na maneno ya hati ikiwa hayaendani na dai lenyewe, na si halali kuita ujira jeraha ili kodi ikwepwe. Lakini mgawanyo wa kweli, uliopatanwa na pande mbili zilizokuwa zikishindana, huheshimiwa sana, nao ndio ngao ya mtu barua itakapokuja.

Lipo hata hivyo kundi moja ambalo kalamu yangu haijaweza kulisaidia. Jirani yangu mmoja, mtu mpole asiye na biashara wala cheo, alitangazwa kuwa mwizi na mtu wa mtaa wake, maneno yakaenea, akashtaki kwa kuvunjiwa heshima, na suluhu ikawa dola 40,000. Wakili akachukua 16,000. Kwa kuwa shauri lake si la kazi wala la ubaguzi, na kwa kuwa punguzo la kale ambalo lingaliweza kumfaa japo kwa sehemu lilisimamishwa kuanzia mwaka 2018, na sheria ya mwaka 2025 ikaliondoa moja kwa moja, alitozwa kodi juu ya 40,000 zote, ilhali mkononi alipata 24,000, na wakili akazilipia 16,000 zile zile upande wake. Hapa hapana fomu iliyokosewa wala mstari uliosahaulika. Dola moja imetozwa mara mbili kwa amri ya sheria yenyewe. Tulizipitia karatasi zake jioni mbili, nikitafuta mlango, na mlango haukuwapo. Alilipa bila kunung'unika.

Mimi sikuweza kunyamaza. Nimemwandikia mjumbe wetu katika Bunge la Marekani, nikiambatisha hesabu ya jirani yangu bila ya jina lake, na ninachoomba ni kidogo: ruhusa ile iliyotolewa mwaka 2004 kwa mashauri ya kazi na ya ubaguzi itolewe kwa kila mdai, ili mtu atozwe kwa kile alichopata na wakili atozwe kwa kile alichochukua. Jawabu la kwanza lilikuwa la shukrani tu. Barua ya pili nimeipeleka na sahihi za watu wengine wa baraza letu, na yeyote anayeishi huku ambaye amefikwa na jambo kama hili naomba alete hesabu yake, tuiambatishe katika ya tatu.